Chupa ya Watoto Kumi

Wasee, hii ya Kimberly imenikwama kwa koo, acha niiseme.

Mimi ni Jepkemei, mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Kamere. Jirani yangu Anyango hukata maua kwa greenhouse. Mtoto wake Kimberly alikuwa amefikisha miezi tisa, wakati wa chanjo ya surua, na ploti za chini surua ilikuwa imeshaingia. Nilimsumbua Anyango wiki tatu mpaka supervisor wake, Jonah, akampea ruhusa Alhamisi moja, siku ya chanjo. Mwisho saa sita. Akichelewa, asirudi kazi.

Saa mbili tulikuwa dispensary. Nesi Zeddy akaangalia benchi.

"Wanne tu. Tungoje."

"Tungoje nini, daktari?" nikauliza.

"Chupa moja ni ya watoto kumi. Nikifungua, yenye itabaki jioni namwaga. Mwezi jana nilimwaga, kaunti wakaniandikisha barua ya kujieleza. Wakifika hata wanane nafungua."

Nikatoa simu. Group ya ploti, ya kanisa, ya chama ya wamathe, voice note juu ya voice note. Halafu miguu, mlango kwa mlango, nimebebea mama mwingine mtoto mgongoni.

Saa saba kasoro nikarudi na watano. Nilikuwa najiona kama nimeshinda kura. Zeddy akafungua chupa.

"Anyango ako wapi?" nikamuuliza.

"Saa imemshinda. Ameenda."

Nikampigia, lakini simu zao huachwa kwa geti ya kazi. Nikakimbia daycare kwa Nerima, mahali Anyango huacha mtoto akienda kazi. Kimberly alikuwa amekaa kwa mkeka, anatafuna kijiko.

"Nipe huyu dakika kumi tu."

"Mtoto hatoki hapa bila mamake."

"Nerima, si unanijua?"

"Hata yule aliiba mtoto wa Becky tulikuwa tunamjua. Nenda."

Jioni Zeddy akamwaga dozi mbili kwa sinki. Nilisimama hapo nikiangalia.

Alhamisi iliyofuata Jonah alikataa. "Ruhusa yako ulikula," alimwambia. Wiki ya pili Kimberly akashika joto, macho mekundu, vipele mwili mzima. Hospitali kubwa walisema kifua kimejaa. Siku ya tano akatuacha.

Baada ya mazishi ilibidi nijaze ripoti kwa apu ya kazi, kwa simu. Kwa nini mtoto hakuchanjwa? Majibu matatu: mzazi alikataa, mzazi hakujua, mtoto hakuletwa. Nikapanda, nikashuka, nikitafuta ya chupa. Haiko.

Anyango alichungulia kwa bega langu.

"Hakuletwa? Si tulikalia benchi moja?"

"Ripoti haiwezi kufungwa bila jibu, Anyango."

"Basi usifunge."

Ofisi wamenipigia mara sita. Wanasema ripoti yote ya Kamere imesimama juu ya mtoto mmoja. Nawaambia ni kweli.