Kiti cha Moyo

Mpiga pasi alikuwa akinyoosha kola ya shati jeupe alipoanguka tena. Pasi ilimuunguza mkono kabla sakafu haijampokea. Wenzake wakampepea kwa foronya, akazinduka akiulizia shati.

"Shati zima," mkunja nguo alimwambia. "Uliyeungua ni wewe, dada."

Katika chumba kile cha dobi, kukaa kulikuwa marufuku mpaka kengele ya jioni. Kiti kilikuwa kimoja, cha msimamizi, naye alikwisha kusema: "Huyu anajiangusha. Asipoleta cheti cha daktari, akaangukie kwao."

Hospitali walipima damu, wakapiga picha ya kichwa, wakausikiliza moyo. Vyote vizima.

"Akija hapa haanguki," daktari alilalamika, "na akianguka hayupo hapa."

Basi akamchana kidogo kifuani, upande wa kushoto, akampachika chini ya ngozi kidude chembamba kama njiti ya kiberiti, kiwe kinaandika mwendo wa moyo popote aendapo.

Nyumbani, bibi yake alikipapasa kwa ncha ya kidole.

"Mke mwenzangu, kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Ninaye mtumishi, hata nikilala yeye hapumziki."

"Moyo."

"Haya. Tutaona."

Mpiga pasi alipoanguka tena kazini, daktari alikisoma kidude kwenye kompyuta. Mstari ulipanda na kushuka, kisha ukalala kimya. Daktari akavaa miwani.

"Hapa moyo umetoka," alisema. "Umekwenda kukaa kwenye kiti chenye mto wa bluu."

"Cha msimamizi hicho," alisema mpiga pasi.

Daktari akaandika cheti: mgonjwa hajiangushi, moyo wake huchoshwa na kusimama kutwa kwenye joto, ukatoka kwenda kukaa.

Msimamizi alikisoma polepole. Hakuwa mtu wa kubishana na hospitali. "Nilikukosea, mama," alisema. "Kumbe anayechoka si wewe."

Kesho yake akaleta kigoda, akakiweka chini ya dirisha, akakiandika kwa chaki: *Cha moyo. Mtu asikalie.*

Tangu hapo, mvuke ukizidi, moyo hutoka, ukapita katikati ya meza bila kumsukuma mtu. Wenzake huupisha. "Pole na kazi," mkunja nguo huuambia, huku akimdaka mwenye moyo na kumlaza juu ya rundo la mashuka machafu.

Jioni bibi alimpaka mafuta penye kovu. "Kile kitendawili kimeharibika," alisema. "Shika hiki: mtumishi kapewa kiti, bwana wake kanyimwa."

Mjukuu aliwaza mpaka chai ikapoa. "Nakupa mji, bibi, unipe jibu."

"Baki na mji wako, mwanangu. Jibu hata mimi sina."

Asubuhi akarudi kwenye pasi. Mvuke ukazidi, moyo ukatoka; ulipomaliza kupumzika ulirejea kifuani, naye akainuka kwenye mashuka, akajifuta jasho, akaendelea na kola. Kigoda kilibaki kitupu chini ya dirisha, kingali na joto, na hakuna aliyekikalia.