Maji ya Nancy

Kitendawili! Usiitikie kwa uvivu, kaa vizuri kwanza. Anashuka bondeni, anapanda na ndoo kichwani, na kiti alichokalia hakijapoa. Ni nani?

Umeshindwa? Nipe mji basi. Umenipa Masasi? Haya, nimekwenda Masasi, nimemsalimia Flora shuleni kwake, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni baba yake Flora, Edmund.

Siku hiyo, saa tisa imeshapita, Edmund alikuwa kibarazani kwake, kijijini, ukingoni mwa nyanda za juu za Newala. Alikalia kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, simu mikononi. Mkewe Anjelina alikuwa mkekani anapangusa ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, udongo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu maji ya kuioshea hayakuwepo. Kwenye pindo la suruali ya Edmund maji yalikuwa yanadondoka, tone baada ya tone, na kuku wawili walikuwa wanayanywa. Anjelina akawafukuza wasije wakamkanyagia ming'oko.

Bomba la kijiji lilikuwa limekauka tangu korosho zianze kuanguka. Bomba likikauka, huku juu hakuna ujanja. Unashuka bondeni kwenye chemchemi, unapanda na ndoo yako, na mlima ule haujui bibi harusi wala mgonjwa.

Na Anjelina alikuwa mgonjwa. Alipasuliwa hospitali ya Ndanda, akashonwa tumboni, na nesi aliyempa ruhusa alisema mbele ya mume, "Huyu asibebe ndoo mpaka tumwone tena. Mshono ukiachia, msije mkalia." Edmund aliitikia kwa sauti ya kanisani, "Nitachota mimi." Nesi akafurahi.

Na kuchota alichota. Tatizo ni alikochotea.

Ndani ya simu kulikuwa na gemu la kijiji. Unajenga nyumba, unapanda mahindi, unafuga mbuzi, unaoa. Edmund huko alikuwa na nyumba ya bati jekundu na mke anaitwa Nancy, mwenye gauni la manjano lisilochafuka. Wanaume wa kijiweni walilisifu gemu hilo. Walisema halichoshi macho kama lile la mpira, na mahindi yake hayaliwi na nguruwe.

Anjelina habari za Nancy alikuwa nazo, na hakuwa na neno. Mwanamke wa kwenye kioo hamalizi ugali wa mtu. Lakini siku hiyo aliinuka kwenda kuchungulia moto, akapita nyuma ya kiti, akaona. Edmund yule mdogo wa kwenye kioo alikuwa anapanda mlima na ndoo kichwani. Alipofika mlangoni kwa Nancy akapiga goti, akaitua ndoo polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, asimwage hata tone.

Wivu ukampanda Anjelina kutoka kwenye mshono mpaka kooni. Angemkuta amemkumbatia, angecheka. Lakini kumchotea maji!

"Baba Flora," akasema, "kwa nini kule unachota?"

"Ngoja kwanza, Mama Flora. Natua."

Akatua. Kisha akashuka tena bondeni, na swali likabaki limesimama kibarazani kama mgeni asiyepewa kiti.

Getrude, jirani wa ua wa pili, ndiye aliyekuwa akimgawia Anjelina nusu ya ndoo yake.

"Shukuru Mungu, shoga," alisema kesho yake akimimina. "Wako ana gemu. Wangu ana mpira. Timu yake ikifungwa halali, anageuka mpaka kitanda kinalia. Mimi nilipougua malaria alikoroma."

"Lakini hamchotei mtu maji."

"Nani, yule? Hata ndotoni hachoti!" Getrude akacheka. "Mimi nipe tamthilia. Unalia kidogo, inakwisha, unaosha vyombo vyako."

"Unaosha kwa maji gani?"

Wote wawili wakaitazama ndoo.

Jumapili, baada ya misa, Nancy akaja. Alitokea upande wa jikoni na gauni lake la manjano, ndoo kichwani, na kivuli chake kililala kushoto ingawa jua lilikuwa limevilaza vivuli vyote kulia. Mbwa hakubweka.

"Hodi hapa. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu." Adabu ni adabu. Anjelina akamsogezea kigoda.

"Pipa la kule limejaa, dada, linamwagika mpaka kwenye mahindi. Nikaona nikuletee." Kiswahili chake kilikuwa cha taarifa ya habari.

Anjelina akaangalia ndani ya ndoo. Maji yalikuwa safi, chini kunaonekana. Maji aliyoyabeba mume wake, yanamfikia kwa mkono wa mwingine kama makombo.

"Akikuletea maji, anasemaje?" akauliza.

"Anasema, pumzika Nancy, umechoka."

"Umechoka na nini?"

Nancy akafikiri. "Sijui, dada. Sijawahi kufanya kazi yoyote."

Huku juu hakuna anayemwaga maji, hata yawe ya adui. Anjelina akayapokea. Akachemsha ming'oko, akanywa, akaoga kwa tahadhari akizunguka mshono. Yalikuwa matamu, hayana tope wala chumvi, na hilo ndilo lililomuuma. Yangekuwa mabaya angepata la kusema.

Nancy akawa anakuja kila siku, na watu wakamzoea. Getrude akaanza kuleta ndoo yake, halafu wakaja wengine, wakapanga foleni nyuma ya jiko, Nancy akiwamiminia. Katekista alipoulizwa, alisema pasipo na mahari wala cheti hapana ndoa, kwa hiyo hapo hapana mke mwenza, na maji ni maji. Akajaza dumu lake akaondoka. Mwenyekiti wa kitongoji akamtaja Edmund mkutanoni kuwa mfano wa mwanamume mchapakazi. Edmund mwenyewe hakuhudhuria. Alikuwa bondeni.

"Mume umepata, Mama Flora!" walimwambia kwenye foleni. "Sisi wetu wangetuacha tukauke kama makopa ya muhogo."

"Mimi nina kitendawili," akadakia Getrude. "Mke mwenzangu hali, hanywi, na mimi ndiye ninayekonda."

Wanawake wakacheka. Anjelina naye akacheka, kwa meno tu.

Asubuhi moja akakunja kanga, akatengeneza ngata ya kichwani, akachukua ndoo tupu. Nancy alikuwa ameshafika, pipa la jikoni limejaa mpaka mdomoni.

"Dada, maji yapo," akasema Nancy.

"Hayo ni ya kwako," akasema Anjelina, akashuka.

Alishuka amejishika tumbo. Kwenye chemchemi akajaza ndoo, wala si nusu, akajaza. Wakati wa kupanda alisimama kila kona kuvuta pumzi, na kwenye kona ya juu akasikia kitu cha moto kinatambaa ndani ya kanga aliyovaa. Hakufungua kuangalia. Waliokuwa wanashuka walimpa pole ya kazi, wakamuuliza ana shughuli gani ya kuhitaji maji yote hayo, na nyumbani kwake pipa limejaa. Akawaambia hana shughuli.

Alipofika uani, Edmund alikuwa kitini, viatu vimelowa chapachapa. Nancy akainuka ampokee ndoo.

"Kaa," akamwambia Anjelina.

Nancy akakaa. Anjelina akaenda akasimama mbele ya mumewe, ndoo kichwani, mkono mmoja juu, mmoja tumboni.

"Nitue, Baba Flora."

"Kidogo tu, namalizia hapa."

"Basi mimi nasimama. Nijibu kwanza. Kwa nini kule unachota?"

Maji yalikuwa yanamchuruzika shavuni. Kwenye kanga kulikuwa na doa dogo, linakua taratibu. Edmund akainua macho, akaliona. Hapo hapo simu ikazimika, chaji imekwisha, na kigoda cha Nancy kikabaki kitupu. Getrude, aliyekuwa amekuja na ndoo yake, akaenda kujichotea mwenyewe kwenye pipa.

Edmund akaigeuza simu, akaifuta kwenye suruali, akaiweka pajani. Hakuwa tena na cha kutazama isipokuwa mkewe. Mikono yake ilibaki juu ya magoti. Alifikiri bila hila, kama mtu aliyeombwa aelekeze njia na anataka kuielekeza sawasawa.

"Kule, Mama Flora," akasema, "kila ndoo ninayotua, nyota zinaruka na muziki unapigwa. Huku ndoo ikitua, imetua tu."