Sufuria Moja, Tupu

Bwana afya alifika kwa gari, na askari wawili, kila kitu kimeshaandikwa. Fomu zake zilikuwa mbili, wino umekauka tangu jana ofisini, muhuri umeshapigwa. Kilichobaki ni Mama Uji kutia saini aende zake.

Mama Uji alikuwa ndiyo kwanza ameishusha sufuria kutoka kwenye toroli. Aliivua blanketi, akafunua, mvuke ukampiga usoni. Kama kila asubuhi, alichota kijiko cha kwanza, akakipuliza, akamzungusha mwanawe kutoka mgongoni na kumlisha. Mtoto akalamba midomo. Hapo watu waliolala kwenye baraza ya posta ya zamani wakaanza kupanga foleni, huyu na kikombe, yule na kopo.

"Rudisha mfuniko," bwana afya alisema. "Bango umeliona?"

Alikuwa ameliona. Ni marufuku kugawa chakula kwa watu wasio na makazi katika eneo hili bila kibali. Na kibali chenyewe kilitaka jiko lenye vigae na sinki mbili. Yeye alipikia uani kwa mama mkwe wake, juu ya mawe matatu.

"Nimeliona, bwana afya. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, kisha akanuna kwa kuwa amejibu. "Uji huu haujapimwa."

"Umepimwa sasa hivi mbele yako. Mkaguzi wangu ana meno manne."

Foleni ikacheka. "Andika, baba!" alipaza Bibi Redio, bibi aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki tangu alfajiri. "Andika mkaguzi amepitisha!"

"Wenye maduka wamelalamika," bwana afya aliendelea. "Unawakusanya hapa. Ukiacha kuwalisha, watahama."

"Wahamie wapi?"

"Hiyo si idara yangu." Akamnyooshea fomu ya kwanza. "Tia saini kwamba hutarudia, uondoke na sufuria yako. Ukikataa, tunaichukua, na Alhamisi unasimama mbele ya hakimu."

Sufuria ya ukubwa ule alikuwa nayo moja tu. Akitoka hapa huipeleka kwenye jengo linalojengwa, akawauzia mafundi uji uliobaki, na uji huo ndio uliolipa chumba na dawa za mama mkwe. Jana jioni, bango liliposimikwa, mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, saini ni mchoro tu. Wakikuletea karatasi, wewe chora, urudi na sufuria yetu."

Miaka miwili nyuma angechora. Lakini darasa la jioni lilikuwa limemfundisha kuweka kidole chini ya neno na kutokiinua mpaka nukta. Akakiweka. Watu wakasubiri. Uji ukaanza kushika utando.

"'Nakiri,'" alisoma kwa sauti, "'kwamba kwa kuwalisha watu hao nimehatarisha afya ya umma na kuchafua mazingira.'" Akainua uso. "Hawa nao si umma?"

"Ni lugha ya kisheria tu hiyo, dada. Usiitilie maanani."

"Nimeitilia. Ndiyo maana siweki saini."

Akaushika mguu wa mtoto, akasimama pale pale.

"Haya. Chukueni!" bwana afya aliwaambia askari wake wawili. Yule mnene akakamata masikio ya sufuria, akayaachia upesi, akipuliza vidole.

"Na hiyo fomu ya pili naomba niisome," alisema Mama Uji. Kidole kikatembea. "'Mali iliyokamatwa: sufuria moja, tupu.' Hii mbona imejaa? Hakimu akiniuliza, nitamwambia ya kwenye karatasi siyo yangu."

Bwana afya akaitazama fomu. Aliijaza jana akidhani atafika uji ukiwa umeshakwisha. Na fomu yenye muhuri haikatwi neno.

"Mwageni," akaamuru.

Askari mnene akaitazama foleni, akamtazama mtoto. "Mkuu, mimi simwagi chakula mbele ya wenye njaa. Mama yangu yu hai, habari zitamfikia." Mwenzake akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa.

"Basi wewe mwenyewe ifanye iwe tupu!" bwana afya alifoka.

"Kwa namna gani?"

"Namna yoyote!"

Mama Uji akachukua upawa.

Hakuna aliyeharakisha. Bibi Redio alirudi mara mbili, akiishukuru serikali kwa kifungua kinywa. Askari mnene alishika mfuniko. Walipokwangua mpaka sufuria ikalia, bwana afya akachungulia, akakubali. Mama Uji akatia saini fomu ya pili, herufi moja moja, jina lake lote, kwa sababu hiyo sasa ilisema kweli. Ya kwanza akairudisha kama ilivyokuja.

Gari likaondoka na sufuria. Mafundi walikuwa wakisubiri uji ambao usingefika, na nyumbani mama mkwe alikuwa akisubiri toroli. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Sasa kesho, mwanangu?" Bibi Redio aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Kesho saa moja. Nitakuja na birika, nitakuja na ndoo, mtakunywa kwa zamu." Akamkaza mtoto mgongoni. "Ila Alhamisi mtakunywa mchana. Asubuhi nina hakimu."