Uyoga Mweupe wa Paskalina

Nasra aliandika jina la Paskalina daftarini, na Secilia, aliyesimama kando, akahisi kama ameng'olewa jino bila ganzi. Yeye ndiye aliyemfundisha wifi yake huyo kuutambua uyoga wa msituni, tangu Paskalina alipoolewa na kaka yake hapo kijijini Irente. Lakini Nasra, mtafiti kijana wa uyoga kutoka Tanga, alimchagua Paskalina awe kiongozi wake, kwa kuwa alijua kuzungumza na kucheka upesi.

"Shikamoo, mama. Nawe karibu tuongozane," Nasra alimwambia Secilia.

Nawe! Kama kifurushi kinachoongezwa juu ya mzigo.

Msituni, miti ikidondosha mvua ya jana, Paskalina aliinama kwa madaha mbele ya mgeni. Badala ya kuuchimbua uyoga mweupe aliouona, kama Secilia alivyomfundisha, aliukata kwa kisu usawa wa udongo.

"Huu tunakula," alisema.

Nasra akapiga picha, akaandika, akatia mmoja kwenye bahasha.

Secilia aliona pete shingoni mwa uyoga ule, na mikunjo myeupe pepepe chini ya kofia. Ulimi ulimwasha. Acha uandikwe kuwa unalika, aliwaza. Acha wasomi wenzake wamcheke huyo kiongozi wao. Akafumba mdomo, na kimya kile kikawa kitamu kama asali ya wizi. Hata hakuona wifi yake akifunga uliobaki kwenye khanga.

Mchana alikuwa akipalilia maharage aliposikia sauti ya Paskalina kutoka uani kwa kaka yake.

"Watoto, njooni! Leo uyoga!"

Jembe lilimtoka mkononi. Alikimbia akivuka matuta, akaingia jikoni, akapindua chungu chote majivuni.

"Wifi!" Paskalina alipiga kelele. "Wivu umekufikisha kumwaga chakula cha watoto?"

"Kuna aliyeonja?"

"Hakuna. Kwani vipi?"

Secilia alimshika mkono, wakapanda msituni. Pale palipokatwa, akafukua kwa vidole. Shina lililobaki lilikuwa limekaa ndani ya kikombe cheupe, laini, mfano wa yai lililopasuka.

"Wenye kikombe unaua," alisema. "Unatapika, unadhani umepona, kisha ini linakufa."

Paskalina aliketi juu ya majani mabichi, akalia kwa muda mrefu. Kisha akainua uso.

"Hukuja kuchimba hapa kabla ya kumwaga chungu," alisema polepole. "Ulijua tangu asubuhi."

Secilia alifuta vidole vyake, kimoja kimoja.

"Twende tukamwambie Nasra afute," alisema hatimaye.

Njia ya kushuka ilikuwa na utelezi. Siku zote walishikana mikono hapo. Paskalina alitangulia peke yake, akishika matawi.