Tufaha la Mama Mkwe

Fundi alikuwa seremala kwa miaka arobaini, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Mlango wa jirani ukikaa upande, hapati raha mpaka auguse.

Ndicho kilichomponza. Mkewe alikata kijiti kwenye mtufaha wa marehemu mama yake, aina ya zamani ambayo hakuna muuza miche aliyekuwa nayo, akakipandikiza kwenye shina la mtufaha mwitu nyuma ya jiko na kukifunga utepe. Kijiti kikashika, ila kikaota kinyonge, kimepinda. Chini yake likachipuka tawi la lile shina la mwitu, limenyooka kama rula. Fundi katika kupalilia akaona kasoro, akaleta msumeno. Kilichopinda kikaenda, kilichonyooka kikabaki. Alipokiokota na kuona utepe wa mkewe umekizunguka, akajua amekata kijiti cha mama mkwe.

Je, alisema? Thubutu! Ulimi wa mkewe aliujua vizuri. Akakifukia kijiti, akapiga kimya miaka minne, mkewe akililea tawi la mwitu akidhani ni lake. Mwaka wa tatu upepo uliung'oa mtufaha wa mama mkwe, ukapasuliwa kuni. Mkewe alilia, kisha akajifuta machozi: "Si kitu, mtoto wake ninaye hapo nje." Fundi alishindwa kumalizia chai yake.

Mwaka huu mti ulizaa. Mkewe aliyamenya matufaha, akayakata vipande vinene na kuyapika bila sukari, kama alivyofanya mama yake. Tufaha la mama halikuvunjika hata lichemke vipi, na utamu lilikuja nao lenyewe. Haya yalivurugika mara moja, yakawa uji wa kijivu. Akaonja, ukali ukamkunja uso. Akaanza kujilaumu: labda ameyachuma mapema, labda mkono wake wa kupandikiza haufai.

Hapo Fundi akashindwa kuvumilia.

"Mama Watoto, mkono wako hauna kosa. Tawi lako nililikata mimi."

"Lini?"

"Mwaka ule ule ulipolipandikiza. Nilikuwa napalilia."

Akajikaza kusubiri matusi. Mkewe alizima jiko, wala hakupandisha sauti.

"Kukata si kitu, Baba Watoto. Mwaka ule mti wa mama ulikuwa bado umesimama. Ungeniambia, ningekata kijiti kingine siku hiyo hiyo."

Fundi alitamani angetukanwa. Akavuta kiti, akaomba sahani. Mkewe akampakulia, naye akala ule uji wote, pamoja na ukali wake.