Mguu wa Kulia wa Roboti

Erica aligawa vitu vya marehemu mdogo wake kwa mpangilio, na hakuna aliyenung'unika. Siku ya kuanua tanga, nyumbani kwa marehemu Tunduma, aliketi katikati ya uwanja, akainua kitu kimoja kimoja na kumwita mwenye kukipokea. Desturi ya ukoo wao inamtaka mgawaji aseme kwa niaba ya aliyekufa. Kwa hiyo Erica, mwalimu wa sekondari kutoka Vwawa, alirudia maneno yale yale kila mara: "Ombeni anakupa hiki."

Ombeni alikuwa dereva wa magari ya IT, yaani yale yaliyotumika Japani ambayo hushushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi mpakani, yakielekea Zambia na Kongo. Chini ya viti vya magari hayo watoto wa Kijapani husahau midoli. Madereva wengine waliitupa. Ombeni alimwomba wakala ruhusa, akachukua roboti tu. Alizisugua kwa mswaki na sabuni, akazipanga juu ya kabati la vyombo. Wenzake walimcheka.

"We Ombeni, hivi mtoto nyumbani kwako ni Mercy au ni wewe?"

"Sote wawili," alikuwa akijibu. "Mama yetu ni mmoja, Lusungu."

Roboti hizo nazo Erica aligawa. Aliita jina la mkuu wa kila nyumba, akiamini kwamba watoto wa nyumba hiyo ndio watakaozichezea. Aliona hiyo ndiyo haki. Lusungu, mjane, alikuwa ndani, amejifunika kanga juu ya godoro. Siku hiyo mjane hasemi mbele ya ukoo. Alisema wageni walipokwisha kuondoka.

"Wifi, zile tano nyekundu zilikuwa roboti moja."

"Moja vipi? Kila moja ina uso wake."

"Zinaungana. Moja ni kiwiliwili, mbili mikono, mbili miguu. Alizipata kwa miaka, hii kwenye gari hili, ile kwenye gari lile, nyingine kwa kubadilishana na madereva wenzake. Mguu wa kulia ndio uliomtesa. Aliupata mwaka jana. Kila akirudi safari, yeye na Mercy waliibomoa na kuiunda upya. Tangu msiba mtoto ana swali hilo tu, wifi. Roboti ya baba iko wapi?"

Erica alishika kichwa. Kesho yake alianza kuzunguka. Nne zilikuwa hapo hapo mjini, kwa ndugu wa karibu. Alizibadilisha kwa mipira na rangi za kuchorea, na akavumilia maneno.

"Mwalimu umezoea kusahihisha," shangazi mmoja alimwambia. "Sasa unasahihisha mpaka vya msiba!"

Ya tano, mguu wa kulia, ilikuwa Kamsamba kwa Shadrack, ndugu aliyezaliwa kati ya Erica na Ombeni. Shadrack aliwahi kuuza ng'ombe wa kulimia wa baba yao bila kumshirikisha mtu. Ombeni alimtukana mbele ya majirani. Hawakusemezana tena hadi Ombeni alipogongana na lori kwenye ukungu.

Erica alimkuta Shadrack uani, akianika mpunga.

"Karibu dada! Mbona ghafla? Joto la huku litakuyeyusha, mtu wa Vwawa wewe."

"Acha niyeyuke. Nipe maji kwanza."

Ndani, roboti ilisimama peke yake katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma. Haikuwa na chembe ya vumbi.

"Watoto hawaichezei?" Erica aliuliza.

"Waichezee? Wanajua fimbo yangu." Shadrack alicheka, kisha akaacha. "Dada, mimi nilikuja msibani nikijua sina changu pale. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na choo. Nikakusikia unaita jina langu. Ukasema, Ombeni anakupa hiki."

"Nilisema hivyo kwa kila mtu, Shadrack."

"Najua. Lakini hukuninyima." Alifuta jasho usoni, na macho pia. "Wewe ndiye uliyekaa naye hospitali. Alinitaja?"

Erica alitazama roboti. Ombeni alilala hospitali bila kufumbua macho, na hakumtaja mtu yeyote. Maneno aliyoyaandaa njia nzima yalikuwa tayari mdomoni: nirudishie, ni ya mtoto. Yalikuwa maneno mafupi na ya haki.

"Alikutaja," alisema.

"Alisemaje?"

"Alisema usisahaulike."

Shadrack aliinamisha kichwa juu ya meza, akalia kwa sauti hadi mkewe akaja mlangoni. Erica alimshika bega mpaka alipotulia. Aliondoka na mfuko wa mchele waliomlazimisha kuuchukua.

Tunduma, Mercy alimpokea getini. Alizitwaa zile nne kwenye mkeka na kuziunganisha haraka, bila kuuliza kipi kinaingia wapi. Kisha akanyoosha mkono.

"Shangazi, mguu."

"Umebaki Kamsamba, mama. Baba yako mkubwa anauhitaji."

"Na yeye ana kiwiliwili?"

"Hana."

"Sasa ataufanyia nini?"

Erica aliinama kuvua viatu. Lusungu, aliyekuwa anachambua mchele, alimtazama mara moja, akarudia mchele wake.

Mercy aliisimamisha roboti. Ikaanguka. Aliiegemeza ukutani, ikateleza polepole na kuanguka tena. Hakulia. Aliilaza chali katikati ya mkeka, akaifunika kitambaa hadi usoni. Kisha akaketi kando yake, amenyoosha miguu na kuegemeza shavu mkononi, kama wanawake walivyoketi pale ndani siku ile walipomleta baba yake.