Kontena la Maabara

Afriyie aliketi, akasimama, akaketi tena. Nje ya dirisha jua lilikuwa limeshaegemea paa la kanisa, na katika hospitali ile ya Waadventista Ijumaa ina mwisho wake. Jua likizama, Sabato imeingia, na kazi isiyo ya mgonjwa inawekwa chini.

Kazi yake ilikuwa seva moja ya Linux, kompyuta kuu iliyobeba hospitali nzima. Wodi, duka la dawa na maabara vilirundikana humo, kimoja kikiugua vyote vinalala. Tangu asubuhi alikuwa akiitengea kila idara kontena lake ndani ya mashine ile ile, lenye programu zake na mipaka yake, isije moja ikala nafasi ya mwenzake. Yote yalikuwa yamewaka. Hata hivyo moyo ulikataa kutulia.

"Binti yangu, si inafanya kazi?" Mzee Twumasi, msimamizi wa hospitali na mzee wa kanisa, alisimama mlangoni akichezea funguo. "Twende tukaoge."

"Bado kujaribu, Mzee. Nalifuta kontena la maabara, nalijenga upya. Likirudi na kila kitu chake, ndiyo kazi imekwisha."

"Unajenga nyumba halafu unaibomoa uone kama imesimama? Marehemu mumeo alikuwa na kazi!"

Afriyie alicheka bila kugeuka, akaandika amri ya kufuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe Korkor wa maabara alipoingia, jasho likimtiririka.

"Dada, umenipunguzia mzigo! Wachangiaji damu wote wa mchana nimeshawaingiza kwenye mfumo mpya."

Kidole kikarudi nyuma. "Nani kakwambia uanze?"

"Mzee."

Mzee akaziangalia funguo zake.

"Karatasi zao ziko wapi?"

"Karatasi zipi tena? Si ulitukataza? Mifuko ina namba tu. Makundi ya damu na majibu ya vipimo yamo humo. Na fanya haraka, Mama Yeboah yuko leba anavuja damu, daktari anaweza kuita damu wakati wowote."

Afriyie alipekua mipangilio, akaona kilichokuwa kikimkera. Maandishi ya maabara yalikuwa yakihifadhiwa ndani ya kontena lenyewe. Alisahau kuliunganisha na folda ya nje, kwenye diski ya seva. Kontena likifutwa, yanakwenda nalo. Angebonyeza tu, damu yote ya mchana ule ingebaki namba zisizo na maana.

"Yesu wangu," alinong'ona.

"Liache hivyo hivyo mpaka Jumapili," Mzee alisema. "Jua hilo linazama."

"Haliachiki, Mzee. Likiharibika usiku, hatutajua mfuko upi ni wa kundi gani. Hii ni kazi ya mgonjwa."

"Ya mgonjwa ni kumwongezea damu. Hiyo ni kompyuta. Na kesho ni wewe unayefundisha darasa la kina mama. Watauliza ulikuwa wapi tukifungua Sabato."

"Waambie nilikuwa hapa."

Mzee alikohoa, akaweka funguo mezani, akaondoka bila kuaga.

Afriyie aliyanakili kwanza maandishi ya Korkor kwenda kwenye diski. Kwenye mipangilio akaliunganisha kontena na folda ile, ili litakalojengwa upya lihifadhi humo. Kule kanisani wimbo wa kufungua Sabato ulianza. Sauti yake ilikosekana katika safu ya kina mama, naye alijua wapo watakaogeuza shingo. Akabonyeza. Kontena likafutika. Likajengwa jipya, nalo likawaka polepole kama linalomkomoa.

"Soma," alimwambia Korkor.

"Wapo! Dada, wapo wote, na makundi yao!"

Simu ya leba ikalia. Korkor akasikiliza, akasoma namba ya mfuko kwenye skrini, akatoka mbio.

Nje kulikuwa na giza. Afriyie alibaki peke yake. Kontena hili jipya, lililoungwa na folda ya nje, lilikuwa bado halijajaribiwa. Akaandika amri ile ile ya kufuta, akabonyeza tena.